Udongo Uwahi Ungali Maji: Historia ya Kumsomesha Mtoto kwa Mikono Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, liko jambo moja ambalo karibu kila nyumba ya pwani imelishuhudia. Mtoto wa miaka minne amekaa uani, mvua imepita punde. Mkononi ana kifuu cha nazi. Achota mchanga, ajaza, apindua, atazama kilichotoka. Kisha apanga vifuu vitatu: kikubwa, cha kati na kidogo; akitia kidogo ndani ya kikubwa kinaingia, akitia kikubwa ndani ya kidogo hakiingii. Ajaribu tena, na tena. Mara sauti yatoka jikoni: "Ewe! Acha uchafu huo! Njoo ushike juzuu yako usome!" Mtoto ananyanyuka, ananawishwa mikono, na mchezo unakwisha.

Mama yule hana nia mbaya. Anamtakia mwanawe kheri ya dunia na akhera. Lakini tujiulize: je, ni kweli kwamba mtoto yule alipokuwa mchangani hakuwa akisoma? Swali hili lina historia ndefu. Wamelijadili maulamaa wetu wa kale, wamelijadili walimu wa Ulaya, na sisi wenyewe watu wa pwani tulilitia katika vitendo mjini Mombasa katika mwaka 1986. Ni vizuri tuijue historia hiyo, kwani katika jambo hili wengi wetu twadhani twafuata mila ya wazee, kumbe twafuata mazoea tu.

MLANGO WA MACHO NA MASIKIO

Mwenyezi Mungu anatukumbusha katika Suratun Nahl, aya ya 78, kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu chochote, akatujaalia kusikia na kuona na nyoyo. Tazama mpango huo, ndugu yangu. Masikio na macho yametajwa kabla ya moyo unaofahamu. Elimu ina mlango wa kuingilia, na mlango huo ni viungo alivyotupa Mola wetu.

Hata Nabii Ibrahim (A.S.), baba wa Mitume, alipoomba aonyeshwe namna Mwenyezi Mungu anavyohuisha wafu, hakuomba kwa sababu ya shaka, bali apate kutulizana moyo wake. Naye hakujibiwa kwa maneno matupu. Aliamrishwa achukue ndege wanne, naye akashuhudia. Haya yamo katika Suratul Baqara, aya ya 260. Basi ikiwa Nabii alitulizana moyo kwa kuona na kushika, vipi kitoto cha miaka minne kitosheke kwa kuambiwa tu?

Na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa mwalimu aliyeifahamu siri hii. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku moja alichora umbo la mraba, akapiga msitari katikati yake ukatokeza nje, kisha akapiga misitari midogo midogo ubavuni mwa ule wa katikati. Akawaeleza masahaba kuwa huyu wa katikati ndiye mwanadamu, na huu mraba ni ajali yake iliyomzunguka, na kile kilichotokeza nje ni matumaini yake, na hii midogo ni misukosuko; huu ukimkosa, ule humpata. Somo zito la maisha na mauti, limefundishwa kwa michoro, na wanafunzi wenyewe ni watu wazima.

Na kwa watoto je? Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere akicheza nao nyumbani kwa Mtume, na wenzake walipoona haya na kujificha, Mtume alikuwa akiwaruhusu waingie wacheze naye. Na yule mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, Mtume alikuwa akimtania na kumuuliza khabari za kidege chake. Kiongozi wa umma, mwenye shughuli za vita na sulhu, hakuona haya kuuliza khabari za mchezo wa mtoto.

WALIVYOSEMA MAULAMAA

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, ametaja jambo hili katika Ihyaa Ulumid Din. Anasema kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe acheze mchezo mzuri apumzike na machofu ya darasa. Kumzuia kucheza na kumshikilia masomo siku zote kwaua moyo wake, kwazima werevu wake, na kwamfanyia maisha kuwa machungu mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Ndugu mzazi, anayesema hayo ni Hujjatul Islam, wala si mtu wa upuuzi.

Baada yake akaja Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, yaani 1406. Katika Muqaddima yake ametaja mambo matatu yanayotuhusu hapa. La kwanza, kwamba ukali humwondolea mtoto uchangamfu wake na kumfundisha uvivu, uongo na hila, kwa sababu huonyesha nje asilokuwa nalo ndani kwa khofu ya kiboko. La pili, kwamba anayeanza kujifunza hufahamu kidogo kidogo, na tena kwa mifano inayoonekana na kuhisika. La tatu, kwamba kazi za mikono, na khasa kuandika na kuhesabu, humzidishia mtu akili. Ajabu iliyoje! Maneno hayo yaliandikwa Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 600 iliyopita, na leo twayapokea kama jambo geni lililoletwa na meli.

UBAO NA WINO

Vyuo vyetu vya pwani navyo havikukosa kazi ya mikono. Mtoto alipewa ubao na kalamu, na wino ulitengenezwa kwa masizi. Aliandika, akasoma alichokiandika, akaosha ubao, akaanza tena. Mkono, jicho, ulimi na sikio vyote vilikuwa kazini kwa wakati mmoja. Na nje ya chuo ilikuwako skuli nyingine isiyokuwa na paa. Watoto wa kiume walichonga vidau vya makumbi wakavitia tanga na kuvishindanisha ufuoni; wa kike walikaa na nyanya zao wakajifunza kusuka ukili, wakihesabu miali bila ya kujua kuwa wanahesabu. Palikuwa na pia, mdako, kete na kijungu-jiko. Nani aliyesema wazee wetu hawakuwa na masomo ya watoto wadogo?

Lakini tuseme kweli, maana mficha uchi hazai. Katika vyuo vingi ubao uliondoka, ikabaki juzuu ya kupiga chapa na bakora. Mtoto akawa anafuata sauti ya wenziwe asijue kidole kiko juu ya herufi gani. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na mwalimu mcha Mungu, Mola amrehemu, aliyetutakia kheri sote; lakini fimbo yake ilikuwa ndefu kufika kila pembe ya chumba. Kwa miezi nilipiga kelele za alifu na bee pamoja na wenzangu, wala sikuweza kuitambua bee nikiikuta peke yake. Siku moja nyanya yangu alinipa kipande cha mkaa, akanishika mkono, tukaandika juu ya sakafu ya uani. Akaniambia bee ni mashua, na nukta yake ni nanga chini. Tangu siku ile sikuisahau. Nyanya hakujua kusoma khati ya Kizungu wala hakupita chuo cha ualimu, lakini aliujua mlango wa kuingilia.

WATU WA ULAYA WALIPOZINDUKANA

Wazee husema kuwa hekima ni mali iliyompotea Muumini. Popote aionapo ana haki nayo. Basi tutazame kidogo ng'ambo.

Ujerumani alizaliwa katika mwaka 1782 mtu aitwaye Friedrich Fröbel. Mama yake alifariki yeye hajatimiza mwaka, akakua na upweke, na pengine ndiyo sababu aliwahurumia watoto wadogo. Katika mwaka 1837 alianzisha mahala pa kuwalea na kuwafunza katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita "bustani ya watoto". Alitengeneza vitu alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufi, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mche duara wa mbao. Ya tatu mchemraba uliokatwa vipande vinane, mtoto aufungue na kuujenga tena. Kisha palikuwa na udongo wa kufinyanga, karatasi za kukunja na kusuka, na kuchora. Serikali ya Prussia ikaona khatari katika jambo hilo. Mwaka 1851 ikazipiga marufuku bustani hizo kwa tuhuma za kukanusha dini na kuleta fitina. Fröbel akafa mwaka uliofuata, marufuku haijaondoka. Iliondolewa mwaka 1860. Basi hata huko, mchezo wa mtoto ulishukiwa kabla ya kufahamika.

Baadaye Italia alitokea daktari mwanamke, Maria Montessori. Kwanza aliwatibu na kuwafunza watoto waliohesabiwa kuwa ni taahira, akaona kwamba wakipewa vitu vya kushika hujifunza yale ambayo watu walidhani hawayawezi. Akajiuliza: ikiwa hawa wameweza, je wale wazima wanazuiwa na nini? Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mji wa Roma, mtaa wa watu mafukara ambao watoto wao walibaki wakizurura wazazi wakienda kazini. Aliwatengenezea viti na meza za kimo chao. Akakata herufi katika karatasi ya msasa, mtoto akawa anapitisha kidole juu yake, anaihisi herufi kabla ya kuishika kalamu. Watoto wengi wakaanza kuandika kabla ya kusoma, na habari ikaenea duniani. Mimi nilipoisoma khabari hii, nilikumbuka sakafu ya nyanya yangu na kile kipande cha mkaa.

Na katika Marekani, mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, mwaka 1962, mtaalamu David Weikart na wenzake walianza jaribio na watoto wa watu weusi waliokuwa mafukara, wa miaka mitatu na minne. Watoto wote walikuwa 123. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. 58 wakaingizwa katika darasa, waliobaki hawakuingizwa. Darasani kila mtoto alipanga mwenyewe atakalolifanya, akalifanya kwa mikono yake, kisha akakaa na mwalimu na wenziwe akaeleza alilolifanya. Wataalamu wakawafuatilia mpaka wakafika umri wa miaka 40. Na hapa pana funzo kubwa. Tofauti yao katika mitihani ya akili ilififia baada ya miaka michache. Lakini tofauti katika mwenendo haikufifia: waliopitia darasa lile walimaliza skuli kwa wingi zaidi, walipata kazi zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Yaani mtoto aliyefunzwa kupanga jambo, kulitimiza na kulitolea hesabu, alibaki na tabia hiyo ukubwani. Nasi Waislamu twaijua tabia hiyo kwa majina yake: nia, amali, na kujihisabu nafsi.

MOMBASA, MWAKA 1986

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya baada ya uhuru wazazi Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa katika dhiki. Skuli za msingi zilitaka watoto waliokwisha kupita nasari, na nasari nyingi hazikuwa na dini yetu ndani yake. Mzazi alisimama njia panda. Akimpeleka mwanawe nasari, aliogopa kumpoteza kidini; akimpeleka chuoni tu, mtoto aliachwa nyuma katika darasa la kwanza au akakosa nafasi kabisa. Watoto wengi walianza safari ya elimu hali wameshachelewa, na uchelewaji huo ukawafuata mpaka mwisho.

Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani walilipeleka jambo hili kwa Aga Khan, Imam wa Waismailia, wakamwomba msaada. Shirika lake likafanya uchunguzi, na shauri likakubaliwa kuwa nasari iwekwe ndani ya madrasa yenyewe, mtoto asichaguzwe baina ya dini na elimu ya dunia. Kazi akapewa Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa aliyeijua madrasa na kuijua jamii yake. Mwaka 1986 skuli ya mwanzo ikafunguliwa Liwatoni, Mombasa.

Mambo matatu yalichanganywa katika chungu kimoja: mafunzo ya Qur'ani na adabu za Kiislamu, lugha na mila zetu za Kiswahili, na ile njia ya Ypsilanti ya kupanga, kutenda na kueleza. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliofunzwa kazi kwa muda mrefu, kisha wakawa wanatembelewa madarasani na wakufunzi wao. Chumba kiligawanywa pembe pembe: hapa pa kujenga, hapa pa kuchezea nyumba, hapa pa vitabu, hapa pa kuchora. Na vitu vya kuchezea havikuagizwa Ulaya. Viliokotwa: vifuu, makumbi, makoa ya pwani, kokwa, vifuniko vya chupa, vipande vya mbao na vitambaa, mchanga na maji. Mtoto akaanza siku yake kwa salamu na dua, akahesabu kwa makoa, akamshukuru Mola wake.

Swali lililokuja mbele ni lile lile lililokuja Prussia: "Watoto hawa mbona wanacheza tu? Tumewaleta wasome!" Kwa hivyo ilikuwa lazima wazazi nao wakalishwe, wafahamishwe, na kila mtaa uunde kamati yake ya kuisimamia skuli. Jambo hili ndilo lililoipa kazi ile mizizi, kwani skuli haikuwa ya mgeni bali ya mtaa.

Mwaka 1990 kazi ikaingia Zanzibar, na mwaka 1993 ikaingia Uganda. Skuli zilizosaidiwa hivyo zikazidi 200 katika nchi hizo tatu, na watoto waliopitia humo ni makumi ya maelfu. Tena wataalamu waliwapima watoto wa madrasa hizi, wa nasari nyengine, na wale waliobaki nyumbani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliokwenda nasari yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliendelea zaidi kuliko wote. Alhamdulillah. Mtoto aliyekuwa akiachwa mlangoni kwa kuwa ni wa chuoni, sasa akaingia darasa la kwanza ametangulia mbele.

KHABARI YA PICHA

Huenda msomaji akauliza: kuchora si kutafungua mlango wa picha za viumbe vyenye roho? Maulamaa wamekhitilafiana katika picha, na wengi wao wameruhusu wanasesere wa watoto kwa hoja ya ile hadithi ya Bibi Aisha. Lakini hata nyumba inayochukua hadhari haipotezi kitu. Tazama sanaa ya wazee wetu: milango ya nakshi, zidaka za Lamu, hina mikononi mwa maharusi, mikeka ya rangi, kofia za viua. Yote ni maua, majani, nyota na misitari iliyokutana kwa hesabu. Mpe mtoto mkaa, chokaa, miali iliyotiwa rangi na udongo, naye atakaa na sanaa hiyo mwaka mzima asiimalize.

NASAHA

Basi enyi wazazi, nini tunachopata katika historia hii? Kwanza, mchezo wa mikono haukuletwa na Mzungu kuja kuondoa chuo. Umo katika mafunzo yetu tangu mwanzo. Pili, tusimkimbilie mtoto wa miaka minne kwa penseli na kurasa za kunakili na mitihani, kama tunavyoona leo katika baadhi ya nasari, na kazi nyingine akapewa arudi nayo nyumbani usiku. Vidole ambavyo havijafinyanga udongo vitashikaje kalamu? Tatu, tusidhani kazi hii yahitaji fedha. Yahitaji kifuu, mchanga, na mtu mzima anayekaa chini akauliza kwa upole: "Mwanangu, umefanya nini hapa? Hebu nieleze." Nne, Qur'ani isisomeshwe kwa khofu. Kitabu cha rehema hakistahiki kuingia moyoni mwa mtoto kwa mlango wa bakora.

Tumrudie yule mtoto wa uani. Kesho mvua ikinyesha atatoka tena na kifuu chake. Mwache kidogo. Kisha mwendee, kaa naye, mfundishe aseme Bismillahi anapoanza na Alhamdulillahi anapomaliza, na katika mchanga ule ule mwandikie alifu kwa kidole, naye aiandike chini ya yako. Wazee walituachia methali: udongo uwahi ungali maji. Hawakusema upigwe ungali maji. Wamesema uwahiwe, na mfinyanzi anajua kuwa udongo hufinyangwa kwa kiganja kilicho laini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awape elimu yenye manufaa, na atupe sisi subira ya kuwalea. Amin.